Santuri 138 za mama: nianzie wapi kuziingiza kwenye kompyuta?

BintiMsikivu

Habarini wadau, na wakubwa shikamooni. Mnivumilie, nitaeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu jambo hili nataka nilifanye mara moja na nilifanye vizuri.

Mama yangu ana santuri 138. Nilizihesabu wiki iliyopita nikiwa nimekaa sakafuni: 96 ni zile kubwa za mizunguko 33 kwa dakika, 31 ni ndogo za mizunguko 45 zenye tundu kubwa katikati, na 11 ni nene, nzito, ngumu kama kigae, zimeandikwa 78. Alianza kuzikusanya tangu usichana wake. Ukimtajia wimbo anakuambia uko kwenye jalada la rangi gani, upande upi, na ni wa ngapi kutoka ukingoni.

Tatizo ni mikono. Imeanza kutetemeka. Mwezi uliopita alikuwa akishusha sindano kwenye santuri anayoipenda kuliko zote, mkono ukamponyoka, sindano ikateleza juu ya wimbo wa tatu wa upande wa pili. Alama yenyewe haifiki hata nusu ya ukucha, lakini ipo. Mama hakusema neno. Aliirudisha santuri kwenye jalada, akafunika mashine kwa kitambaa, na tangu siku hiyo hajaigusa. Nilipita pale siku tatu mfululizo ndipo nikatambua kwamba nyumba imekuwa kimya.

Nataka nimwekee nyimbo zake mahali ambapo atabonyeza kitufe kimoja tu. Basi nikachomoa waya za mashine kwenye amplifaya yake, nikatafuta kiunganishi, nikazichomeka kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta yangu. Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba mno. Besi hakuna. Gitaa ambalo siku zote husikika spika ya kulia limetoweka kabisa, na chini ya kila kitu kuna mvumo usiokoma. Nilimwita mama asikilize hivyo hivyo. Alisimama nusu dakika, akasema: "Sauti ni yake, lakini mwenyewe hayumo."

Nimekosea wapi? Halafu, santuri zina vumbi na nyingine zina alama za vidole. Je, naweza kuziosha? Zile nene za 78 nazo hutendewa vivyo hivyo? Na ule mkwaruzo una dawa? Ninyi mliowahi kufanya kazi hii, naomba mnielekeze. Kuna jambo jingine sijui kama lina maana: juu ya kichwa cha sindano kuna sarafu imebandikwa kwa gundi ya karatasi. Mama anasema iliwekwa zamani ili sindano isirukeruke.

FundiSikio

Dada, mama kasikia vizuri. Kuna kitu kweli hakimo, na kitu hicho hakijapotea, kiko ndani ya ile amplifaya uliyoiacha pembeni.

Wanapochonga santuri, besi hupunguzwa kwa makusudi. Ingechongwa kwa nguvu yake yote, mfereji unaopitiwa na sindano ungeyumba kwa upana mkubwa hadi uingilie wa jirani, na upande mmoja ungemeza nyimbo chache tu. Sauti kali nazo huongezwa kwa makusudi, ili zipande juu ya mchakacho wa vumbi na wa plastiki yenyewe. Wakati wa kupiga, lazima kuwe na kifaa kinachogeuza mambo: kinarudisha besi, kinashusha sauti kali, na ule mchakacho unashuka pamoja nazo. Kipimo hicho kinaitwa RIAA, na kampuni za santuri zilianza kukubaliana nacho kuanzia 1954. Tofauti yenyewe si ndogo. Kule chini kwenye hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, besi imeshushwa kwa karibu desibeli 20, na kule juu kwenye hezi 20,000 sauti kali imeongezwa kiasi hicho hicho. Wewe uliisikia santuri kama ilivyochongwa, kabla haijageuzwa.

Pili, katriji ya kawaida ya sumaku, yaani kile kidude kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme, hutoa takriban milivolti 5 tu. Ni umeme mdogo sana, ndiyo maana waya usiotulia kidogo tu unaleta mvumo. Tatu, tundu la maikrofoni kwenye kompyuta nyingi husoma upande mmoja tu, na gitaa la kulia limepotelea hapo.

Sasa fanya hivi. Rudisha waya za mashine kwenye amplifaya, kwenye matundu yaliyoandikwa PHONO. Tazama kama mashine ina waya mwembamba wa tatu, wenye kichwa kama uma mdogo. Huo ni waya wa ardhi. Ukaze kwenye skrubu ya amplifaya iliyoandikwa GND, na nina hakika mvumo utapungua pale pale. Kisha tafuta nyuma ya amplifaya matundu yaliyoandikwa TAPE OUT au REC OUT. Zamani watu waliyatumia kurekodi kaseti. Hapo sauti inatoka ikiwa imeshageuzwa, tena haijaguswa na kitufe cha sauti kubwa wala cha besi. Toa waya hapo, uingize kwenye kiunganishi cha sauti cha USB chenye matundu mawili ya kuingizia, kushoto na kulia.

Kitu kimoja uchunge: mashine nyingine zina swichi ndogo nyuma, PHONO na LINE. Ikiwa kwenye LINE, inageuza yenyewe. Ukiipeleka tena kwenye PHONO ya amplifaya itageuzwa mara mbili, na sauti itakuwa nzito, ya kuungua. Chagua mahali pamoja tu.

MzeeMifereji

Marahaba binti yangu. Mpe mama salamu nyingi. Huyo ni mtu wa kufaa kukaa naye.

Mwenzangu kamaliza ya waya, mimi nizungumze ya sindano na maji.

Hiyo sarafu itoe leo. Uzito wa sindano kwenye santuri kubwa, kwa katriji nyingi za sumaku, ni kati ya gramu 1.5 na 2.5. Sarafu peke yake inaweza kuzidi hapo. Kila mara inapozunguka inachimba kuta za mfereji, na kilichochimbwa hakirudi. Tafuta mizani ndogo ya sindano, soma uzito unaotakiwa na katriji yako, kisha urekebishe kwa lile gurudumu la nyuma ya mkono wa mashine. Sindano ikiendelea kuruka baada ya hapo, basi imechoka au santuri ni chafu. Na kama hakuna anayekumbuka sindano ilibadilishwa lini, usirekodi hata santuri moja kabla ya kuweka mpya. Masaa 500 hadi 1,000 ni umri wake. Ukirekodi kwa sindano iliyolika, unahifadhi kulika kwake.

Kuosha. Zile za plastiki, yaani 33 na 45, zioshe bila hofu: maji yaliyochujwa madini, tone moja au mawili ya sabuni laini, kitambaa laini kisicho na nyuzi za kuacha. Futa ukifuata mzunguko wa mfereji, usikate katikati. Suuza kwa maji yale yale yasiyo na sabuni. Karatasi ya katikati isilowe. Iache santuri ikauke ikiwa imesimama. Kabla ya kila kupiga, pitisha brashi ya nyuzi za kaboni mizunguko miwili mitatu.

Zile 11 za 78 ni habari nyingine, na hapa nakuomba unisikilize sana. Nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu, shelaki, uliochanganywa na unga wa mawe. Spiriti inaiyeyusha shelaki. Nilikuwa na moja ya marehemu kaka yangu, nikaifuta kwa spiriti nikidhani naisafisha. Kitambaa kiligeuka kahawia, mng'ao ukafa mbele ya macho yangu, na ilipokauka sindano ilitoa mchakacho mtupu. Ilikuwa ni nakala pekee. Kwa hiyo: maji kidogo, tone la sabuni, kausha upesi, na usikaribishe spiriti hata chumbani. Tena zishike kwa mikono miwili, maana zikianguka zinavunjika kama sahani ya udongo.

Sindano yake pia ni tofauti. Ncha ya sindano ya kawaida ina duara la nusu kipenyo cha mikroni 18 hadi 25 hivi, na ya 78 ni karibu 76. Ukiitumia nyembamba, inazama hadi chini ya mfereji mpana na kusoma uchafu, huku muziki uko kwenye kuta za juu. Na kwa kuwa nyingi zilichongwa kabla ya makubaliano ya 1954, kila kampuni ilikuwa na kipimo chake cha besi, hivyo hata amplifaya nzuri haitazigeuza sawasawa. Mimi ningeziweka mwisho kabisa. Jifunzie kwenye zile zinazovumilia.

Kimya_Kizuri

Samahani kuuliza, dada. Nyimbo nyingi za zamani siku hizi zimo mtandaoni tayari, zimesafishwa na wataalamu. Mbona usimtafutie mama humo, umalize kazi kwa jioni moja?

BintiMsikivu

Kimya_Kizuri, swali lako ni la haki, na nilianza na hilo. Nilipata baadhi. Nilimpigia mama mmoja anaoupenda, akasikiliza hadi mwisho kwa adabu, kisha akauliza kwa nini wameukata. Nililinganisha: kwenye santuri yake wimbo ule unaendelea karibu dakika nzima zaidi, mpiga tarumbeta anabaki peke yake. Jambo jingine ni mpangilio. Wimbo mmoja ukiisha, yeye tayari anaimba kwa midomo mwanzo wa unaofuata. Huko mtandaoni unafuata mwingine asioutarajia, naye anakaa kama mtu aliyepotezewa njia.

FundiSikio, Mungu akubariki. TAPE OUT ipo! Ilikuwa imefunikwa na vumbi hata maandishi hayasomeki. Na ule waya wa ardhi ulikuwa unaning'inia hewani. Nilipoukaza, mvumo ulikatika kama mtu aliyezima mashine ya kusaga. Mama alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, akasema, "Haya, sasa amefika."

Mzee wangu, sarafu nimeitoa. Pole sana kwa santuri ya kaka. Nimeifunga chupa ya spiriti kabatini. Sindano mpya imekuja, mizani inasoma gramu 2.

Sasa nimefika kwenye programu, nimepakua Audacity. Nirekodi kwa kiwango gani? Naona pia kuna kitufe cha kuondoa kelele zote kwa mpigo mmoja. Nikitumie? Na swali la mwisho: mama hawezi kukaa kimya santuri inapopigwa. Anasimulia, anacheka, anaimba. Je, anaharibu rekodi?

MhifadhiSauti

Dada, nianze na hilo la mwisho, kwa sababu ndilo zuri. Mwache mama aongee. Sauti inapita kwenye waya kutoka kwenye katriji, hakuna maikrofoni popote, kwa hiyo maneno ya kawaida hayaingii. Kinachoweza kuingia ni mtikisiko: spika zikiwa karibu na zimefunguliwa sana, au mtu akikanyaga sakafu kwa kishindo karibu na meza, sindano inatikisika na kuyasoma hayo kama muziki. Weka mashine kwenye meza nzito, spika mbali na sauti ya wastani. Na ningekuwa wewe, ningeweka simu pembeni ya mama irekodi masimulizi yake. Faili mbili: santuri peke yake, mama peke yake, zenye jina moja. Mimi sikufanya hivyo na baba yangu. Ninazo santuri zake zote, safi kabisa, na sijui hata moja aliipataje.

Kiwango: biti 24, yaani undani wa kila kipimo cha sauti. Kwa kilohezi, yaani maelfu ya vipimo kwa sekunde, 44.1 inatosha kusikilizia, wengine tunachukua 96 kwa ajili ya kazi ya kuondoa mikwaruzo. Fanya hesabu ya nafasi mapema. Kwa biti 24 na kilohezi 96, saa moja ya stirio ni gigabaiti 2 na kidogo. Santuri zako kubwa 96, kwa dakika 44 hivi kila moja, ni kama saa 70. Hizo ni gigabaiti 145 hivi. Ukizihifadhi kwa FLAC, inayobana bila kupoteza chochote, mara nyingi hupungua hadi karibu nusu. MP3 mtengenezee mama ya kusikilizia, lakini isiwe ndiyo nakala yako ya kutunza, maana kilichotupwa humo huwezi kukirudisha.

Kabla ya kurekodi, tafuta sehemu yenye sauti kubwa kuliko zote kwenye upande huo, uipige, na upange kiwango mshale usipite desibeli 6 chini ya sifuri. Ukigusa sifuri, kilele kinakatwa na hakuna programu itakayokirudisha. Rekodi upande mzima bila kusimamisha. Kata nyimbo baadaye kwa kuweka alama, kisha programu itatoa faili moja kwa kila wimbo, kwa mpangilio wa santuri. Ikiwa lebo inasema mono, yaani sauti ni moja pande zote mbili, changanya kushoto na kulia kuwa moja. Sehemu kubwa ya mchakacho inapungua kwa hilo tu.

Kitufe cha kuondoa kelele zote, nakusihi usikiguse. Hakijui tofauti ya vumbi na pumzi ya mwimbaji. Nimesikia rekodi zilizofanyiwa hivyo: matoazi yanageuka kama maji yanayobubujika, na kati ya maneno kuna shimo. Mchakacho mdogo sikio linauzoea baada ya dakika moja. Shimo halizoeleki. Na vyovyote utakavyofanya, faili ya kwanza, ile mbichi, ifungie mahali usipoigusa, nakala mbili, sehemu mbili tofauti.

Mkwaruzo wa mama. Santuri ya 33⅓ inamaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8, kwa hiyo alama iliyokata mifereji itapiga "tak" kila sekunde 1.8 hadi ipite. Zihesabu. Kama sindano hairuki, una bahati, muziki wote upo. Kuza picha ya sauti hadi uione ile "tak", inakaa kama mwiba. Chagua huo mwiba tu, halafu tumia kile kifaa cha kurekebisha cha Audacity kiitwacho Repair. Kinakubali sampuli, yaani vipimo, 128 tu kwa mara moja, kama sehemu moja ya elfu ya sekunde na kidogo ukiwa kwenye kilohezi 96. Kinaangalia mawimbi ya pande zote mbili na kuchora daraja. Ni kazi ya mkono, moja moja.

FundiSikio

Naunga mkono yote, ila nitapingana kidogo na 96. Kwa dada anayeanza, 44.1 kwa biti 24 itampa faili ambazo kompyuta yake haitazilalamikia, na masikio ya mama hayatakosa kitu.

Niongeze moja la kusikiliza. Nyimbo za mwisho za kila upande zikisikika zimekwaruza kidogo kwenye "s", usidhani umeharibu. Ukingoni mfereji unapita chini ya sindano kwa sentimita 50 hivi kwa sekunde, karibu na katikati unapita kwa 20 na kidogo tu. Muziki ule ule umebanwa kwenye nafasi ndogo. Hakikisha katriji imekaa sawa kwenye kichwa chake, kisha uupokee ulivyo.

MzeeMifereji

Na baada ya kurekodi, zisimamishe wima kama vitabu. Usizilaze moja juu ya nyingine, zitapinda. Mbali na jua. Mifuko ya ndani iliyochanika ibadilishe, majalada yapige picha mbele na nyuma pamoja na lebo zote mbili. Soma pia yale maandishi madogo yaliyokwanguliwa kwenye duara lisilo na muziki karibu na lebo. Yanaonyesha ni chapa ipi, na wakati mwingine mchongaji ameacha herufi zake humo.

BintiMsikivu

Wadau, nimerudi baada ya wiki saba. Nilichukua ushauri wa 44.1.

Tumemaliza santuri kubwa 41. Nilidhani ningeweza kufanya tatu au nne kila jioni. Haiwezekani, na siku hizi sitaki. Dakika 22 za upande mmoja haziharakishwi. Tumejipangia moja kila jioni. Mama anachagua, mimi naosha mchana, yeye anashika jalada mapajani na simu iko juu ya mto wake. Ninayo masimulizi 41. Jalada moja lina namba ya simu iliyoandikwa kwa penseli, yenye tarakimu nne tu, na kisa chake kilichukua muda mrefu kuliko santuri yenyewe.

Kwenye ule wimbo wa tatu nilihesabu "tak" 23. Sindano hairuki. Nilizirekebisha kwa mikono, usiku mbili, nikiwa nimevaa vipokea sauti. Mbili karibu na ngoma zilinishinda, kila nikigusa ngoma inalegea, nikaziacha. Jana nilimpigia. Alikuwa amefumba macho, na kichwa kilikuwa kikitikisika kidogo kidogo, kila baada ya muda ule ule, pale pale zilipokuwapo. Wimbo ulipokwisha alifungua macho akauliza kama naweza kumpigia na ile nyingine, yenye alama. Nikampigia. Kisha akanyanyuka, akatoa kitambaa juu ya mashine, akaniambia nimshikie kiwiko. Alishusha sindano mwenyewe, ukingoni, mahali penyewe.

Kesho tunaanza na zile ndogo pia. Kile kiduara cha kujazia tundu la katikati nimekitafuta nyumba nzima, nikakikuta ndani ya jalada la santuri ya mwisho kabisa, kimefungwa kwenye kipande cha gazeti.